Bwana Afya Anapoanzia Chooni

Nilipokuwa nikimsaidia shangazi kuendesha nyumba yake ya kulala wageni, nilijifunza kwamba bwana afya hapotezi muda kwenye sebule iliyopambwa, bali huanzia chooni, kisha hufunua shuka, hukagua godoro kama lina kunguni, na kudai vyeti vya kupimwa afya vya wapishi, ambavyo hudumu miezi 6 tu. Mamlaka hayo anayo kwa Sheria ya Afya ya Jamii ya Tanzania ya mwaka 2009. Dukani kazi yake ni fupi zaidi: bidhaa zilizopitwa na muda, panya, na unga uliowekwa sakafuni badala ya juu ya chaga. Shangazi alimwogopa, mimi, nakiri, nilimsubiri kwa hamu, kwani siku ya ukaguzi ndipo mashuka yote yalipofuliwa kweli.