Muvi za Jumamosi, na mama yuko kwenye kochi

Ijumaa jioni nikishuka daladala Tabata siendi moja kwa moja nyumbani. Napitia kwanza kwa dogo wa muvi. Banda lake lina upana wa mlango na nusu, kompyuta moja inayonguruma kama jenereta, na ukuta mzima wa makava ya DVD ambazo hazina mkodishwaji tena, zimebaki pambo. Unampa flashi, unataja unachotaka, anakujazia. Bado tunasema "nakwenda kukodi muvi", ingawa kinachorudishwa siku hizi ni flashi yake, zile siku ninaposahau yangu.

"Shikamoo anti. Leo nikuwekee za mapigano?"

Swali hilo ndilo linalowaponza wengi. Mtu anachagua muvi utadhani ataitazama peke yake, halafu saa tatu usiku anashangaa kila mmoja sebuleni kainamia simu. Mimi kabla sijafika bandani nahesabu vichwa. Kwangu kuna mama, aliyekuja kutoka Unguja kwa wiki mbili na huu sasa ni mwezi wa tano. Kuna watoto wawili wa kaka yangu. Kuna mume wangu, ambaye husinzia, na shemeji ambaye kila baada ya dakika kumi huuliza, "Huyu nani tena?" Muvi ya nyumbani lazima ivumilie maneno ya watu. Ile inayotaka kimya naiwekea siku ya kupiga pasi, nikiwa mwenyewe.

Kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyekulia pwani, kodini Sholay. Ni picha ya Kihindi ya mwaka 1975, inapita saa tatu, na msiogope urefu wake. Mama hajui Kihindi cha kuombea maji, lakini ujana wake wote alikuwa akienda Majestic pale Vuga na Cine Afrique ya Malindi, na kwake hizo si filamu wala muvi, ni "senema". Amitabh Bachchan anamtaja kama mtu anavyomtaja binamu aliyehamia mbali. Kisa chenyewe chepesi: wahuni wawili, Jai na Veeru, wanakodiwa na Thakur, askari wa zamani, wamkamate jambazi Gabbar Singh akiwa hai. Jai akishindwa kuamua jambo anarusha sarafu. Hiyo sarafu muitazame vizuri, siwaambii zaidi.

Mama yeye atawaambia. Hawezi kujizuia. Thakur akitokea tu na shali lake mabegani, mama ananyoosha kidole: "Mtazame. Umemwona kutoa mikono?" Nami namfinya, naye ananisukuma mkono. Ajabu ni kwamba watoto hawakasiriki. Wakishadokezwa ndiyo wanasogea karibu na televisheni, wanataka kuona kama bibi anasema kweli. Na zile nyimbo msiziruke. Wimbo ukianza ndipo unakwenda jikoni kugeuza mihogo, ukirudi na bisi na juisi ya ukwaju hujapitwa na kitu.

Dogo alitaka kunipa ile iliyotafsiriwa, yaani sauti ya DJ juu ya picha. Nimekataa. Sina ugomvi na watafsiri, tumekua na kanda za Lufufu na nilicheka mpaka mbavu zikauma, mara nyingine maneno yake yalikuwa matamu kuliko muvi yenyewe. Ila nyumba yenye mama yangu haihitaji DJ wa pili.

Ya watoto ni Supa Modo, ya Likarion Wainaina, mwaka 2018, kutoka Kenya. Binti mdogo aitwaye Jo anaumwa ugonjwa usiopona, na anapenda muvi za mashujaa wanaoruka angani. Dada yake anaamua kumsadikisha kwamba hata yeye ana nguvu hizo, na kijiji kizima kinaingia kwenye uongo huo mtamu. Haifiki saa moja na nusu. Wanaongea Kiswahili, kwa hiyo hakuna mtoto atakayelalamikia maandishi ya chini. Wekeni tu leso karibu. Kwangu aliyelia wa kwanza ni shemeji, akasingizia pilipili ya mihogo. Huyu Jo alimjua tangu mwanzo, hakuuliza hata mara moja ni nani.

Watoto wakishalala, wekeni Nairobi Half Life ya mwaka 2012. Narudia, wakishalala, maana ina matusi, bunduki na choo kimoja cha rumande ambacho sitakieleza kwa watu wanaokula. Nampenda Mwas tangu dakika za mwanzo, kwa sababu kazi yake kijijini ni kuuza muvi, na haziuzi hivihivi: anaruka, anapiga risasi za mdomo, anaigiza kila shujaa ili mteja atoe hela. Kisha anakwenda Nairobi kutafuta uigizaji, na jiji linampokea kwa kumwibia. Dogo wangu wa Tabata naye ana kipaji hicho. Akikusimulia muvi mbovu unaweza kuinunua.

Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji nilimwekea mama usiku mwingine, sisi wawili tu. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950, kutoka riwaya ya Shafi Adam Shafi: Yasmin anatoroka ndoa ya mzee aliyeozwa, anakutana na Denge, mpigania uhuru. Ni picha ya taratibu, yenye kivuli kingi, msiweke na watu wenye usingizi. Nilidhani mama atatokwa na machozi ya kumbukumbu. Badala yake alikuwa akichungulia nyuma ya waigizaji, anatafuta mlango wa nani ule na uchochoro gani huu. Mapenzi ya watu aliyaacha hapo.

Sizoni sikodi wikiendi. Ukianza sehemu ya kwanza Jumamosi, Jumatatu kazini unatia chumvi kwenye chai.

Sasa ile Sholay ya Jumamosi iliyopita. Tulikuwa tumefika pale Gabbar anawahoji watu wake walioshindwa kazi, bastola mkononi, na umeme ukakatika. Kosa langu, tangu asubuhi mita ilikuwa inalia na nikajisemea nitanunua baadaye. Nikaanza kuhangaika na simu kizani, salio halitoshi, namwamsha mume wangu anitumie. Mpaka nimeingiza namba zote na taa zikawaka, mama alikuwa ameshaanza kusimulia kilichobaki, na ameshafika mbali. Aliimba na nyimbo. Nilipochukua rimoti, mtoto mkubwa wa kaka akanishika mkono.

"Shangazi ngoja kwanza, bibi amalize."

Ya kwenye flashi tuliimalizia Jumapili mchana. Yule mdogo aliitazama mpaka mwisho, akasema ya bibi ilikuwa na farasi wengi zaidi.