Nilivyopima Kutanuka kwa Ulimwengu Nikiwa Kondele

Kuna jamaa mmoja mjuaji aliyeniambia hesabu za mawimbi ya uvutano, ile mitikisiko ya anga lenyewe inayotoka kwa nyota zinazogongana, hazifanyiki hapa Kondele, Kisumu, eti zinataka kompyuta inayojaza chumba. Nimezifanya, tena kwa laptopu ambayo betri yake ilikufa zamani. Stima zikipotea, kazi imelala.

Rekodi zenyewe za mawimbi sikuzigusa, zingemeza bando yote. Ujanja ni huu: kwa tukio la GW170817, zile nyota mbili za nutroni (mabaki mazito ya nyota zilizokufa) zilizogongana na kunaswa na vigunduzi vya LIGO na Virgo tarehe 17 Agosti 2017, watafiti wameweka wazi maelfu ya makadirio ya umbali. Faili ni dogo, bando ya mia hivi inatosha na salio unabaki nalo. Nikachukua safu ya umbali, nikaitia kwenye lahajedwali. Mawimbi haya yanakupa umbali moja kwa moja, huhitaji kupanda ngazi ya nyota na supanova (nyota zinazolipuka), ambayo kila hatua hupimwa kwa nyingine. Mwanafizikia Bernard Schutz alilionyesha hilo mwaka 1986. Kiwango cha kutanuka ni kasi ya galaksi kutukimbia, ukiigawa kwa umbali wake. Kasi unaipata kwenye mwanga wa galaksi yao, NGC 4993.

Kwenye kasi ndipo mjuaji alipotaka kunizamisha. "Chukua 3,327, gawa, maliza." Ukigawa kwa megaparseki 43.8 (moja ni kama miaka ya mwanga milioni 3.26) unapata kama 76, yaani kilomita kwa sekunde kwa kila megaparseki, naye akashangilia kana kwamba Gor Mahia wamefunga bao. Lakini kilomita hizo 3,327 kwa sekunde si za kutanuka pekee. Ni kama mtumbwi wa Dunga, kule ziwani: kasia linausukuma, upepo nao unausukuma. Upepo hapa ni mvuto wa galaksi za jirani, takriban 310. Utoe, inabaki 3,017. Nikaigawa kwa kila umbali, fomula moja nikaivuta hadi chini, nikachora grafu. Kilima kikainuka, kilele karibu na 70! Jirani aligonga ukuta kwa makelele yangu. Watafiti wenyewe walitangaza 70, ikiweza kupanda kwa 12 au kushuka kwa 8.

Kilima kikiwa kipana usikilazimishe kuwa chembamba. Upana unatokana na umbali wenyewe: jozi ya nyota iliyo mbali ikitutazama uso kwa uso inavuma sawa na ya karibu iliyoinama. Ndiyo maana 67.4 ya setilaiti ya Planck na 73 ya watu wa supanova zote zinatoshea ndani, hakuna aliyefukuzwa.

Nilijaribu kuongeza GW190425, tukio jingine la mwaka 2019. Umbali upo, ila mwanga wake haukupatikana, hivyo galaksi haijulikani, na safu ya kasi imebaki tupu.