Kona ya shina la bawa

Pima ukinzani wa hewa wa bawa la ndege peke yake, kisha wa kiwiliwili peke yake, ujumlishe. Ukishaviunganisha, ukinzani mara nyingi huzidi jumla hiyo, na ziada inatoka pale vinapoungana, yaani kwenye kona ya shina la bawa.

Hewa iliyoambaa kiwiliwili hufika kwenye bawa ikiwa imeshapoteza mwendo. Ikigonga ukingo wa mbele hujiviringa na kulizunguka shina kwa umbo la U. Maji ya mto kama Malagarasi hufanya vivyo hivyo kwenye nguzo ya daraja, ndiyo maana mchanga huchimbika kuizunguka nguzo. Lakini hasara kubwa iko nyuma, upande wa juu wa bawa. Hapo shinikizo linapanda, na kiwiliwili nacho kinasinyaa kuelekea mkiani, kwa hiyo kona inatanuka pande mbili kwa pamoja. Hewa iliyochoka haimudu, inabanduka, na mkia unatikisika.

Cessna Caravan na Dash 8 tunazozoea kuziona viwanja vya huku, Kigoma na Tabora, zimebeba bawa juu ya kiwiliwili, kwa hiyo upande wa juu wa bawa hausumbuliwi sana. Lenye taabu ni bawa la chini kwenye kiwiliwili cha mviringo. Ndege ya Kimarekani Northrop Alpha ilitikisika mkia hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1930, hadi watafiti wa Caltech, chuo cha teknolojia cha California, walipoijaza kona kwa umbo laini lililopinda. Wafaransa hadi leo huuita mjazo huo karman, kwa jina la Theodore von Kármán, aliyeongoza maabara ya anga ya Caltech.

Nusu kipenyo cha mjazo kianzie karibu 10% ya upana wa bawa shinani, kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma: bawa la mita 1.5, sentimita 15. Uwe mwembamba mbele, ukue kuelekea nyuma, upite kidogo ukingo wa nyuma. Mjazo wa unene mmoja mwanzo hadi mwisho ni uzito wa bure.

Kabla ya kuchonga chochote, bandika kwenye kona hiyo nyuzi za sufu za sentimita 8 hadi 10, ruka polepole, piga picha. Uzi unaozunguka au kuelekea mbele umekuonyesha hewa ilipobanduka. Fanya hivyo juu sana: uwanja wa Tabora uko karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, hivyo altimita (kipima kimo) ikionyesha mita 2,000 kutoka usawa wa bahari una mita 800 tu chini yako.

Kagua pia mpira wa kuziba mwanya kati ya bawa na kiwiliwili. Ukichanika, hewa ya chini ya bawa yenye shinikizo hupenya juu na kuharibu kona hata kama mjazo ni mzuri. Ziba kwanza, pima tena, ndipo ufikirie umbo. Na kwa ndege yenye cheti, kubadili umbo kunahitaji kibali cha TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania.