Madebe Ishirini ya Mabuyu kwa Tangi Moja

Tangi ni jeusi, la lita 5,000, na limesimama nyuma ya jiko la nyumba moja ya watoto yatima kule Likoni, ng'ambo ya feri ya Mombasa. Tulilinunua sisi, wanafunzi ishirini na wawili wa klabu ya shule ya kutwa huku Kisauni, kwa faida ya mabuyu ya shilingi kumi kumi. Nalisema mapema kwa sababu kila anayelisikia huniuliza, "Mlipewa na nani?" Hatukupewa na mtu.

Nilikuwa Kidato cha Tatu, ndiyo kwanza nimechaguliwa mwenyekiti. Wengi wetu tulikuwa kwenye Tuzo ya Rais, ule mpango wa vijana ulioanza Kenya mwaka 1966. Ukiwa ngazi ya Shaba, ile ya kwanza, sehemu ya huduma inakutaka ujitolee saa moja hivi kila wiki kwa miezi isiyopungua mitatu. Kabla yetu huduma ilikuwa ni kwenda ufuoni mara moja, kuokota chupa, kupiga picha, kisha kitabu cha Tuzo kinatiwa sahihi kama kwamba mtu amehudumu muhula mzima. Jambo hilo lilinikera sana. Huduma ya sahihi si huduma.

Ushauri wa kwanza tuliopewa, tena na watu wazima, ulikuwa huu: changeni pesa, nunueni unga na sukari, pelekeni. Mwalimu wetu mlezi ndiye aliyesema twende kwanza mikono mitupu tukaulize. Tukavuka feri Jumamosi moja asubuhi. Mama mlezi wa nyumba ile alitupokea vizuri, akatusikiliza, kisha akainuka na kutufungulia stoo. Mabelo ya unga yalipangwa mpaka usawa wa kifua changu.

"Wanangu, unga tunao," akasema. "Ramadhani na Krismasi watu hutuletea mpaka twakosa pa kuweka. Maji ndiyo yanayotumaliza."

Bomba lilikuwa likitoa maji siku mbili kwa wiki, na wiki nyingine halitoi kabisa. Kisima cha jirani kina chumvi, sabuni haitoi povu. Maji baridi ya Mombasa hutoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo, zaidi ya kilomita 200 za bomba, au Baricho, au Marere kwenye vilima vya Shimba, na likipasuka bomba mahali popote njiani, watu wa mwisho ndio wanaokaa na ndoo kavu. Kwa hiyo walikuwa wakinunua kwa wenye mikokoteni, mitungi kumi na tano ya lita 20 kila siku, shilingi ishirini mtungi, na siku za shida hupanda. Nikapiga hesabu palepale nyuma ya daftari: shilingi mia tatu kwa siku, elfu tisa kwa mwezi. Unga ule wote stoo, na maji ya kuusongea ugali yananunuliwa.

Tulipotaka kupiga picha na watoto, Mama akakataa. "Hawa si maonyesho. Wana majina yao, na kesho wataenda shule na nyinyi." Nashukuru alitwambia siku ya kwanza. Ripoti yetu yote baadaye ilikuwa na picha za paa, mifereji na mikono inayofunga vikaratasi, na hakuna aliyeuliza nyuso ziko wapi.

Tulipaswa kuanza na mabuyu, lakini hatukuanza hivyo. Tulianza na makopo. Rafiki yangu mmoja aliambiwa na binamu yake kwamba pesa ziko kwenye feri: watu ni wengi, wamesimama, hawana pa kukimbilia. Tukatoboa makopo ya maziwa, tukayabandika karatasi, tukashuka watu sita, saa kumi na moja jioni, kwenye ile barabara inayoteremkia kivukoni. Baada ya dakika arobaini tulikuwa na mia nane na kitu. Ndipo akaja askari, akauliza kwa upole tu, "Kibali kiko wapi?" Hatukuwa nacho. Kumbe kuna sheria, Sura ya 106 ya Sheria za Kenya, inayotaka kibali kabla ya kuchangisha pesa za msaada hadharani. Mwalimu wa biashara alitueleza kesho yake. Kama unapanga kusimama barabarani na kopo, kakitafute kibali kwanza.

Lakini si askari aliyenirudisha nyumbani nimenuna. Ni mzee mmoja mwenye kikoi, aliyekuwa amebeba kapu la samaki. Nilimwamkia, nikamnyoshea kopo. Akanitazama, akasema, "Mjukuu wangu, kila siku mwatuletea makopo, na mwisho wake hatuuoni." Hakusema kwa hasira. Usiku ule sikulala vizuri. Aliyoyasema ni kweli: nilimwomba anipe, nami sina cha kumpa, wala cha kumwonyesha. Zile mia nane zilinunulia Likoni maji ya siku mbili na nusu, zikaisha.

Wapo waliotushauri tufanye harambee, tualike mgeni wa heshima. Hebu hesabu mwenyewe: hema, viti, spika, soda za wageni. Kwanza utafute pesa za kutafutia pesa. Nilikataa kikaoni na nitakataa tena.

Mabuyu yalikuja kwa sababu ya bibi yangu wa Mji wa Kale. Nyumba yake ina kiwanja cha ndani na sufuria kubwa la kupikia pilau ya harusi. Tukanunua debe la mabuyu makavu soko la Kongowea, sukari kilo tano, rangi nyekundu ya chakula, iliki, pilipili ya unga. Elfu mbili na mia kadhaa, kutegemea siku na muuzaji.

Pishi la kwanza tulilipika bila bibi, alikuwa kaenda mazikoni. Msichana mmoja wa klabu, hodari wa kaimati, akasema tukamulie ndimu kwenye shira isigande. Tukakamua ndimu mbili. Ilitoka shira nzuri, inang'aa kama kioo. Tukatia mabuyu, tukapindua, tukayamwaga kwenye masinia, tukangoja yakauke. Tukangoja mpaka alasiri. Tukangoja mpaka Jumapili. Yalinata vidole, yakanata karatasi, yakashikana yenyewe kwa yenyewe mpaka sinia zima likawa donge moja jekundu lililovutia sisimizi wa mtaa mzima. Bibi aliporudi alichovya kidole, akalamba mara moja tu.

"Nani katia ndimu humu?"

Tukanyamaza.

"Ndimu ni ya kaimati, mwanangu. Kaimati wataka shira ibaki shira. Mabuyu wataka igande."

Jumatatu nilimuuliza mwalimu wa kemia, akafurahi kuliko nilivyotarajia. Sukari ikichemka na ukali wa ndimu huvunjika vipande vidogo, akasema, na hiyo iliyovunjika haitaki kugeuka chembe, tena huvuta unyevu wa hewani. Na hewa ya Mombasa unyevu ndio haukosi. Bibi hajawahi kuingia maabara, na alilijua jambo hilo kwa ulimi.

Jumamosi iliyofuata alituketisha. Sukari na maji ya kuifunika tu, basi. Ichemke mpaka ukichukua tone katikati ya kidole gumba na cha shahada, ukivitenganisha, ivute uzi. Rangi, iliki, pilipili, chumvi ya kuonja. Epua. Ndipo utie mabuyu, si kabla, kwa sababu mabuyu yenyewe yana ukali wake. Kisha upindue bila kusimama, na hapo ndipo wavulana wa klabu walipopata kazi, wakipokezana mwiko. "Msiangalie, sikilizeni," bibi akasema. Mwanzo yanalia chubwi chubwi, mazito, majimaji. Unapindua, mkono unauma. Halafu ghafla sauti inabadilika, yanaanza kugongana kama kokoto kwenye kopo. Hapo yameiva. Ukichelewa kuyamwaga, shira inaganda sufuriani nusu yake. Naweza kuisikia sauti ile hata sasa, na pishi zote zilizofuata hazikuharibika hata moja.

Tulifunga kwenye karatasi ya kaki, kwa umbo la pembe. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2017, na gazeti sikulitaka kwa sababu ya wino. Pakiti zilizosokotwa ncha mara moja hazina pilipili nyingi, zilizosokotwa mara mbili ni za moto. Debe moja lilitoa pakiti mia tano hivi, faida yake elfu mbili na mia saba, siku nyingine elfu mbili na mia nane.

Ujanja ninaojivunia zaidi ni huu. Tangi, mifereji na usafiri tulikadiria elfu hamsini na tano. Gawanya kwa lita 5,000: lita moja ni shilingi kumi na moja. Kila pakiti ilikuwa ikituachia tano na nusu. Kwa hiyo pakiti mbili ni lita moja, kamili. Nikachora tangi kwenye katoni kubwa, nikaligawa mistari, tukalitundika karibu na ubao wa matangazo, na kila Ijumaa tulipaka rangi ya buluu mpaka tulipofika. Mteja akinunua mbili namwambia, "Lita moja hiyo." Watoto wa Kidato cha Kwanza walikuwa wakija kuonyeshana lita zao. Nilimkumbuka yule mzee wa kapu la samaki: huyu amepata mabuyu yake, na mwisho wa pesa yake anauona.

Pesa ziliingia kwenye kibubu cha mbao chenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwangu, wa pili kwa mweka hazina, na hakikufunguliwa ila Ijumaa mbele ya wanachama wote. Fanyeni hivyo hata kama mnaaminiana. Sisi tulikuwa marafiki wa kufa na kuzikana, na bado nililala vizuri zaidi kwa sababu ya kufuli ya pili.

Ramadhani ilipoingia, mauzo ya mchana yalianguka, na baadhi yetu wakavunjika moyo. Mvulana mmoja wa Kidato cha Pili akasema tuwape mama zetu wauze baada ya futari, barazani. Wiki ya mwisho kabla ya Idi tulipika madebe matatu kwa oda tu. Bibi alikataa malipo, isipokuwa makaa.

Tulipofika debe la ishirini, fundi wa mabati, baba wa mmoja wetu, alikuja Likoni kupima. Paa lilikuwa mita 12 kwa 9. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, kwa hiyo paa lile hutoa lita 108 kwa kila milimita. Ukitoa yanayopotea, themanini na kitu. Mvua ya milimita sitini hivi inalijaza tangi, na tangi likijaa ni mitungi 250, zaidi ya wiki mbili za nyumba ile. Jambo ambalo hatukulihesabu ni uzito. Lita 5,000 ni tani tano. Fundi alisema halikai juu ya mchanga, likizama upande mmoja litapasuka, kwa hiyo msingi wa zege ukatula elfu sita nyingine, yaani madebe mawili na ushee, na tukarudi sufuriani. Yeye mwenyewe hakutoza ufundi.

Aliweka pia bomba la kumwagia maji ya mwanzo pembeni, yale yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege paani. Msiliache hilo kwa kubana pesa.

Masika yalitupita tukiwa bado tunauza. Tulimaliza mwisho wa Septemba, na mvua ya vuli ilinyesha usiku mmoja wa Oktoba, nikiwa kitandani Kisauni nasikiliza mabati ya kwetu. Jumamosi tukavuka. Mama alikuwa amefungulia bomba la pembeni mpaka maji yakatakata, kama alivyoelekezwa, kisha akayarudisha tangini.

Mtoto mmoja wa miaka saba hivi alinishika mkono akanipeleka nyuma ya jiko. Akaanza kuligonga tangi kwa kidole kilichokunjwa, kutoka juu alipoweza kufika akishuka chini. Ko, ko, ko. Halafu sauti ikawa nzito. Akarudia, kuhakikisha. Alikuwa na kipande cha chaki mfukoni, akachora mstari pale, usawa wa bega lake.

"Mpaka hapa," akasema.