Muziki wa IST yangu: milango kwanza, sabufa baadaye

Redio iliyokuja na gari kutoka Japani nimeitoa. FM ya kule huanzia MHz 76, na redio nyingi za magari ya zamani huishia 90, wakati stesheni zetu nyingi za Dar ziko juu ya hapo. Wengi hufunga kile kidude cha kushusha masafa kwenye waya wa antena. Kinafanya kazi, lakini stesheni inakuja na namba isiyo yake, na menyu inabaki ya Kijapani. Nimeweka redio mpya.

Milango

Huku ndiko muda mwingi umekwenda. Muuzaji wa mtaa wa Gerezani, Dar, aliponiona nanunua mikeka ya butili (mpira mzito wa kubandika kwenye bati) badala ya sabufa ya pili alicheka: "Bosi, unavalisha mlango nguo? Weka mbili za inchi 15, mtaa mzima usikie." Mtaa sina haja nao. Nataka kusikia mimi niliyekaa kwenye usukani.

Spika inaposukuma hewa mbele, nyuma inavuta. Mlango una matundu makubwa kwa ndani, yale ya kumwezesha fundi kufikia mota ya kioo. Hewa ya nyuma inapita humo, inakutana na ya mbele, besi zinauana. Nimesafisha bati kwa spiriti, nikabandika mikeka, nikaziba matundu kwa vipande vya alumini, ila vile vitundu vya chini vya kutolea maji ya mvua nimeviacha wazi. Spika za inchi 6.5 zimekaa juu ya ringi za plaiwudi ya mm 18 iliyopigwa vanishi. Nilizijaribu kwa redio peke yake kabla ya kufunga amplifaya, na tumba zikawa zinasikika hadi ngozi yake.

Umeme

Fyuzi kubwa iko jirani kabisa na betri, ndani ya sm 45, ili waya ukichunika njiani iungue fyuzi na si gari. Hasi ya amplifaya imefungwa kwenye bodi baada ya kupiga msasa hadi chuma kikang'aa. Waya wa umeme umepita kulia, nyaya za RCA, zinazopeleka sauti kutoka redio hadi amplifaya, kushoto, na ule mluzi unaopanda na injini haupo.

Gaini

Mazoea ni kupandisha gaini, yaani kiwango ambacho amplifaya inakuza sauti, hadi spika ikorome, kisha kurudisha kidogo. Nimetumia maltimita. Amplifaya ya wati 60 kwa spika za omu 4: zidisha upate 240, kipeuo chake cha pili ni volti 15.5. Spika zimechomolewa, toni ya Hz 1,000 inacheza, redio iko robo tatu ya sauti, nazungusha gaini mpaka mita isome hapo.

Muda

Prosesa ya DSP, kifaa cha kurekebisha sauti kidijitali, imelipa gharama yake hapa. Spika ya mlango wa kulia iko sm 85 kutoka kichwani kwangu, ya kushoto sm 135, sabufa ya kwenye buti sm 190. Kwa joto letu sauti husafiri kama sm 35 kwa milisekunde, kwa hiyo ya kulia nimeichelewesha milisekunde 3.0 na ya kushoto 1.6, zote zimsubiri sabufa. Kujaribu, sikutumia Bongo Fleva mpya bali rekodi za zamani za dansi ambazo ni mono. Mono haina kushoto wala kulia, hivyo mwimbaji lazima asimame sehemu moja. Awali alikuwa amening'inia kwenye mlango wangu. Sasa yuko katikati ya dashibodi, magitaa nyuma yake.

Milango inacheza kuanzia Hz 80 kwenda juu, sabufa chini ya hapo. Nilicheza toni ya Hz 80 huku nageuza chanya na hasi za sabufa, nikachagua upande uliotoa sauti kubwa zaidi. Besi ikahama kutoka buti ikaja mbele, na sabufa ni moja tu ya inchi 10 ndani ya boksi lililofungwa.

Bado twita ya kushoto, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, inakata sikio kwenye kila "s", nadhani inagonga kioo cha mbele. Jumamosi nitaigeuza ielekee kiti cha nyuma kabla ya kugusa ikwalaiza. Kapasita ya kuilinda isiungue na mshtuko wa kuwasha amplifaya tayari ipo.