Miezi Tisa ya Kugombea Banda la Mashua

Ami yangu wa Nungwi hakunielewa hata kidogo. Nilimpigia kumjulia hali, akaniuliza mbona sauti imechoka, nikamwambia jana nimekaa mkutanoni mpaka saa nne usiku, tunabishana habari ya banda la mashua. Akanyamaza kidogo. "Banda? Mashua inalala ndani?" Nikamjibu ndiyo, ami, huku zipo zinazolala ndani. "Kwani mvua ya huko inazifanya nini, zinayeyuka?"

Mzee huyu ni fundi wa vyombo. Maisha yake yote kaona chombo kikipandishwa pwani, kikaegemezwa magogo, kikachomwa tumboni kwa moto wa makuti na kupakwa deheni, halafu kikaachwa hapo hapo juani mpaka siku ya kurudi majini. Kumweleza kwamba watu wazima wenye kazi zao wamegombana miezi tisa juu ya pa kuweka viboti vya watoto ni shida. Kwa simu nilishindwa. Ngoja niandike.

Naishi mji mdogo pwani ya Essex, mashariki mwa Uingereza, huu mwaka wa 11. Kazi yangu ni nyumba ya kulelea wazee, zamu za usiku. Kilichonifanya nisihamie London kama wenzangu ni maji. Huku bahari inakupwa kwelikweli. Siku za bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa inapita mita 4, karibu sawa na kwetu Unguja, na mtu aliyelelewa Nungwi hahitaji kuangalia saa kujua maji yako wapi. Hapo jirani yetu kuna kisiwa kinaitwa Mersea, maarufu kwa chaza, na barabara yake ya kuingilia inafunikwa na maji ya bamvua. Basi linasimama upande mmoja na abiria wanangoja bahari iwaruhusu. Mara ya kwanza kuliona jambo hilo nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Ila mchanga mweupe sahau. Hapa ni tope jeusi, zito, linalokuvua viatu.

Klabu ya mashua za tanga nilijiunga kwa sababu ya binti yangu. Skuli yao iliwapeleka siku moja kujifunza, akarudi nyumbani kalowa chapachapa, midomo ya buluu, anasema anataka tena. Mie nilidhani klabu kama hiyo ni ya matajiri wa kofia nyeupe. Kumbe ni fundi umeme, mwalimu mstaafu, dereva wa treni, na bibi mmoja anayeuza samaki wa kukaanga. Watoto wanaanzia kwenye Optimist, kiboti cha mita 2.3, uzito kama kilo 35, kifupi na kimekatwa mraba kwa mbele kama sanduku la sabuni. Kilibuniwa Florida mwaka 1947 na Clark Mills ili watoto wapate chombo cha bei ndogo cha kuundwa kwa mbao za plaiwudi. Wakikua wanapanda Laser, mita 4 na ushei, ndiyo ile inayoshindaniwa Olimpiki tangu 1996.

Lakini chombo kilichonikamata roho ni Mirror. Mwalimu mstaafu anayo moja, matanga mekundu. Boti hii ilitoka mwanzoni mwa miaka ya 60, imebuniwa na Jack Holt na Barry Bucknell, ikapewa jina la gazeti la Daily Mirror lililoitangaza, na mpaka leo zimeundwa zaidi ya 70,000. Watu walinunua vipande vya plaiwudi vilivyokwisha kukatwa, wakaviunda wenyewe gereji. Na wanaviunganishaje? Wanashona! Unatoboa matundu pembezoni mwa mbao, unapitisha waya wa shaba, unakaza, halafu ndipo unabandika utepe wa nyuzi za kioo na gundi. Siku aliyonionyesha nilimtolea simu nikamtafutia picha ya mtepe, chombo cha watu wa visiwa vya Lamu kilichoshonwa kwa kamba za usumba bila msumari hata mmoja, tanga lake la mkeka. Yule mzee akavua miwani, akaisogelea picha, akasema kwa sauti ndogo, "Na hakuna gundi?" Hakuna gundi, bwana. Tangu siku hiyo mie ni mtu wake.

Sasa hayo yote yalikuwa yanawekwa wapi? Kwenye kiwanja nyuma ya ukuta wa bahari, boti zimepangwa juu ya matoroli yake, zimefunikwa maturubai, pembeni kontena mbili za meli zilizoota kutu. Ndani ya kontena ni giza na harufu ya soksi. Maboya ya watoto ya kuvaa yalikuwa yanarundikwa yakiwa mabichi, yakaota ukungu mweusi. Kila Jumamosi asubuhi binti yangu alikuwa analinusa lake kwanza kabla ya kulivaa, kama mtu anayepima maziwa yameharibika au la. Kipupwe kimoja wezi wakavunja kufuli, wakaondoka na mashine mbili za boti ya uokoaji. Bila boti ya uokoaji watoto hawaruhusiwi kushuka majini, kwa hiyo msimu mzima ukayumba.

Klabu ikaamua: tuondoe kontena, tujenge banda la mbao, lenye rafu za kupandanishia Optimist, kichumba cha kukaushia maboya, na uzio wa waya wa mita 2 kuzunguka kiwanja chote. Maombi ya kibali yakapelekwa halmashauri. Wiki iliyofuata karatasi ya manjano ikafungwa kwenye nguzo ya taa, ndani ya mfuko wa plastiki: fulani anataka kujenga kitu fulani mahali hapa, mwenye la kusema aandike ndani ya siku 21.

Ami nilipomfikisha kwenye karatasi hii alinikatisha. "Yaani kabla hawajajenga, wanakuuliza wewe?" Wananiuliza mie, ami, na jirani, na mpita njia. Hakusema kitu. Nilijua anafikiria nini, nitafika huko.

Mwenye la kusema hakukosekana. Nyumba zilizo mbele ya kiwanja zinatazama maji, na banda lingekata kipande cha mandhari. Hapo ndipo nilipojifunza kitu cha ajabu cha sheria za ujenzi za Uingereza: kwamba dirisha lako halitaona tena bahari si hoja. Kwamba nyumba yako itashuka bei, hiyo nayo si hoja. Kamati ya halmashauri inayoamua kibali haitakiwi kuvipima vitu hivyo viwili. Basi watu wanaoumia kwa sababu ya dirisha inabidi watafute lugha nyingine ya kulia nayo. Wanalia kwa ajili ya maegesho ya magari. Wanalia kwa ajili ya popo, ambao hakuna aliyepata kuwaona. Bwana mmoja aliandika kurasa sita kuhusu rangi ya paa.

Hata hivyo si zote zilikuwa hila. Ya kelele ilikuwa ya kweli, na klabu yetu iliipuuza kwa kiburi. Milingoti ya siku hizi ni alumini, mitupu ndani kama filimbi. Ukiacha henza, ile kamba ya kupandishia tanga, imelegea, upepo ukivuma inaupiga mlingoti: ting, ting, ting. Mlingoti mmoja hauna neno. Arubaini, usiku wa Novemba, upepo wa magharibi umekaza, ni kama vijiko arubaini vinagonga bilauri arubaini mpaka alfajiri. Narudi kazini saa moja asubuhi napita pale, nasikia. Bibi wa nyumba ya kona aliniambia hajalala vizuri tangu mumewe afariki, na ile sauti inamfanya ahesabu. Anahesabu mpaka elfu. Dawa yake ni kipande cha kamba ya mpira, unaivuta henza mbali na mlingoti unaifunga pembeni, kwisha. Nusu dakika kwa kila boti. Miaka yote hiyo hakuna aliyejali kufanya.

Ndege nao wana wakili. Kipupwe kikiingia mabata bukini weusi wanashuka kwenye tope letu kutoka Siberia, maelfu, wanakula majani ya baharini mpaka Machi, halafu wanarudi kwao kuzaa. Sheria inawalinda, huwezi kupigapiga nyundo karibu nao ovyo. Nikajisemea, hawa wanakuja kila mwaka bila viza na wanapewa kinga, mie nimelipia makaratasi yangu mpaka mfuko ukatoboka.

Tena kuna ukuta wa bahari. Usiku wa tarehe 31 Januari 1953 bahari ilivunja kuta za pwani hii, ikaua zaidi ya watu 300 upande wa Uingereza, na kisiwa cha Canvey peke yake kikapoteza zaidi ya 50. Katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi yupo mama aliyekuwa na miaka minane usiku ule. Mpaka leo bahari ikichafuka anataka viatu vyake viwe juu ya kiti, si sakafuni. Kwa hiyo ukitaka kujenga ndani ya mita 16 za ukuta huo lazima upate ruhusa ya pekee ya mamlaka ya mazingira, ili mashine za kuukarabati zipate njia. Hilo lilisogeza banda nyuma, likapungua ukubwa, na hakuna aliyelipinga. Mambo ya 1953 hayabishiwi.

Mie nilikuwa upande wa klabu mia kwa mia mpaka nilipoisoma ramani vizuri. Uzio. Ulikuwa unakwenda mpaka kwenye mteremko wa kushushia boti, ukikata kijia kinachopita pembeni. Kijia hicho ndicho wanachopita watu na mbwa wao, vijana wa kuvua kaa kwa kamba na kipande cha nyama ya nguruwe, na wavuvi wawili waliobaki. Nikauliza kwenye mkutano wa klabu. Wakanijibu kwa upole kabisa, usiwe na wasiwasi, geti litafungwa usiku tu.

Usiku tu. Nilihisi kitu kifuani.

Nilipokuwa mtoto ufukwe wa Nungwi ulikuwa karakana. Ukitoka skuli unapita katikati ya mataruma ya vyombo, unasikia tezo, unakanyaga vumbi la mbao. Miaka ya 90 hoteli zikaanza. Hakuna aliyemfukuza ami kwa fimbo. Kwanza palijengwa kiukuta kifupi cha makuti, kizuri, hata sisi watoto tulikikalia. Kisha ikafungwa kamba, usiku tu, kwa usalama wa wageni. Kisha akaletwa Mmasai na rungu lake, kijana mpole, akawa anaomba samahani kila anapotuambia tupite kwingine. Mahali ami alipoundia chombo chake kikubwa kuliko vyote sasa pana vitanda vya jua. Mafundi hawajaisha, bado wapo, wamebanwa kwenye kipande kilichobaki. Lakini hakuna siku iliyotokea karatasi ya manjano kwenye mnazi.

Kwa hiyo nikaandika barua mbili. Moja ya kuunga mkono banda, nyingine ya kupinga uzio. Katibu wa klabu alinipigia simu akasema nimewachanganya. Mwalimu wa Mirror hakunipigia, alikuja na biskuti, akakaa, akazungumza hali ya hewa dakika ishirini, ndipo akaniuliza kama ningekubali kuiondoa ya pili. Nikamwambia hapana, mzee wangu. Akamaliza chai yake akaondoka. Wiki tatu tulisalimiana kwa kichwa tu.

Siku ya kamati kila msemaji alipewa dakika tatu, na kuna taa: kijani, njano, nyekundu. Nilikuwa nimetoka zamu, sijalala. Niliandaa hotuba nzuri yenye Nungwi ndani, yenye ami, yenye vitanda vya jua. Kufika mbele nikaona madiwani wapatao kumi, mmoja anakula tofi, nikaikunja karatasi. Nikasema tu kwamba binti yangu ananusa boya lake kila Jumamosi, kwa hiyo banda tunalihitaji. Na kwamba mlango wa banda unaweza kufungwa kwa kufuli bila kuifunga pwani. Dakika moja na nusu, taa bado ya kijani. Bibi wa kona naye alisimama. Hakusema neno juu ya dirisha lake. Alichukua kijiko mkobani akagonga bilauri ya maji iliyokuwa mezani, polepole, mpaka mwenyekiti akamwomba aache.

Kibali kilitoka, kura sita kwa tatu. Banda dogo zaidi, mbao za rangi ya giza, hakuna kazi ya ujenzi wakati wa bukini, hakuna uzio, kijia kibaki wazi saa zote. Na sharti la mwisho lilihusu henza: kila boti iliyo kiwanjani ifungwe kamba mbali na mlingoti, na klabu iweke mtu wa kukagua.

Katibu alihakikisha mtu huyo ni mie. Kila Ijumaa jioni, kabla sijaenda kazini, napita na mfuko wa kamba za mpira, mlingoti hadi mlingoti. Wiki iliyopita nilimkuta mwalimu mstaafu kashatangulia, kafunga mstari wa kwanza wote. Akaniachia wa pili.