Nilivyokompaili programu ya ghala la viazi kwa mashine tatu tofauti

Ghala la mjomba liko Isyonje, njia ya kwenda Tukuyu, na viazi vya mbegu hukaa humo vikisubiri mvua. Joto likipanda vinachipua mapema, unyevu ukizidi vinaoza. Siku moja akaniambia, "Mjomba, wewe si ndiyo mtu wa kompyuta? Nitafutie kitu kiniambie ghalani kukoje."

Nilikuwa na Raspberry Pi 2, kompyuta ndogo ya ubao mmoja yenye prosesa ya aina ya ARM ya biti 32 na kumbukumbu ya gigabaiti 1. Nikaandika programu ndogo kwa lugha ya C, inasoma kihisi cha joto na unyevu kila dakika 10 na kuhifadhi vipimo kwenye SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa ndani ya faili. Kwa ghala moja ningekompaili, yaani kugeuza msimbo uwe faili la kuendeshwa, kwenye Pi yenyewe, ikaisha. Lakini jirani yake naye akataka, na yeye alikuwa na Pi 4 ya biti 64. Nilitaka maelezo yaleyale ya ujenzi yatoe faili la kila mashine, nikiwa chumbani kwangu Mwanjelwa, Mbeya mjini, na laptopu yangu ya x86_64, yaani prosesa ya kawaida ya laptopu, isiyo ARM. Ndipo nikaingia Nixpkgs, ule mkusanyiko mkubwa wa vifurushi vya programu vinavyojengwa kwa Nix, zana ya kujenga programu kwa kufuata maelezo yaliyoandikwa. Humo, kuelekeza kifurushi kwenye mashine nyingine ni kutaja jina tu: pkgsCross.armv7l-hf-multiplatform kwa Pi 2, pkgsCross.aarch64-multiplatform kwa Pi 4. Nikaongeza pkgsStatic, ili maktaba zote ziingie ndani ya faili moja ninaloweza kulinakili na kuondoka.

Usiku wa kwanza ulikwisha kwa laptopu kujenga kompaila. Kompaila za kuvuka namna hii, zinazokaa mashine moja na kutoa faili la mashine nyingine, mara nyingi hazipatikani zikiwa tayari kwenye hifadhi ya Nix, kwa hiyo zinajengwa kutoka msimbo asilia. Weka bando la kutosha na uombe umeme usikatike.

Asubuhi programu yangu ikagoma: gcc haipo. Kosa lilikuwa kwenye Makefile, faili la hatua za kujenga programu: nilikuwa nimeandika jina la kompaila, gcc moja kwa moja, wakati kompaila ya kuvuka inaitwa kwa jina refu, armv7l-unknown-linux-musleabihf-gcc. Nikaweka $(CC), nafasi ya jina la kompaila, Nix yenyewe ikajaza. Hilo lilikuwa jepesi.

Lililofuata ndilo lililonila siku tatu. Wakati wa kujenga, programu yangu hukompaili kwanza kijiprogramu kinachotengeneza jedwali la kusahihisha vipimo, kisha hukiendesha. Likatoka kosa "Exec format error", yaani laptopu imepewa faili la ARM isiloweza kuliendesha. Nikaandika sharti: kama stdenv.hostPlatform.isAarch32, yaani kama ni ARM ya biti 32, usiendeshe, tumia jedwali nililolitengeneza mapema. Pi 2 ikapita, nikafurahi. Nikajenga ya Pi 4, kosa lilelile! Nilikuwa nimeuliza swali baya. Tatizo halikuwa aina ya ARM. Lilikuwa kwamba mashine inayojenga na mashine itakayotumia ni mbili tofauti.

Hapo nikarudi kwenye majina matatu ambayo Nixpkgs huzipa mashine, na nawasihi mnaoanza myashike hayo kabla ya kitu kingine chochote. buildPlatform ni mashine inayojenga, yaani laptopu yangu. hostPlatform ni mashine itakayoendesha kilichojengwa, yaani Pi. Mimi nilidhani "host" ni hii niliyoikalia, na kila nilichokisoma kikawa kinyume. targetPlatform inahusu kompaila na zana za aina yake tu: msimbo zitakaoutoa ni wa mashine gani. Kwa programu ya viazi, iache kabisa.

Baba yangu ni seremala, na karakana yake ndiyo iliyonisaidia. Mlango unatengenezwa Uyole, unafungwa nyumba ya Tukuyu. Randa na msumeno lazima vifanye kazi Uyole: hivyo ndivyo nativeBuildInputs, orodha ya zana za kujengea, na pkg-config yangu, zana ya kutafuta maktaba zilipo, ikaenda huko. Bawaba na kitasa vinaondoka na mlango: hivyo ni buildInputs, orodha ya maktaba za programu yenyewe, na huko ikaenda SQLite. Halafu kuna kile kipande cha ubao anachokichonga mwenyewe cha kupimia miguu ya meza, kinazaliwa karakanani na kutumika karakanani. Kijiprogramu changu ndicho kile kipande. Nikaweka buildPackages.stdenv.cc, kompaila ya laptopu yenyewe, kwenye orodha ya depsBuildBuild, na kwenye Makefile kijiprogramu kikakompailiwa kwa $(CC_FOR_BUILD) badala ya $(CC). Lile sharti la ARM nikalifuta. Nikawasha na strictDeps, ili kitu kikikaa orodha isiyo yake nijulishwe hata nikijengea laptopu yenyewe.

Bado kuna mahali sharti ni halali, kwa mfano jaribio linalotaka kuendesha programu iliyokwisha kujengwa. Hapo nauliza stdenv.buildPlatform.canExecute stdenv.hostPlatform, yaani je, mashine inayojenga inaweza kuendesha kilichojengwa, nisiorodheshe majina ya prosesa.

Amri ya file, inayotaja aina ya faili, ilipoonyesha kwa faili la kwanza ELF (muundo wa faili za programu za Linux) ya biti 32 kwa ARM, na la pili biti 64, nilipanda Hiace ya Isyonje jioni ileile. Mjomba alikaa mbele ya ghala na simu yake akisoma nyuzi kwa sauti kila namba ilipobadilika, mpaka shangazi akamwita chakula mara mbili.

Mwezi uliopita jirani mwingine alileta Pi Zero ya toleo la kwanza, ARM ya kizazi cha 6. Niliongeza mstari mmoja, pkgsCross.muslpi, nikalala. Asubuhi kompaila ilikuwa imemaliza, na faili lilikuwa tayari.